Spea ya Mwaka Gani? Historia ya Nchi Chini ya Boneti ya Landrova

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa. Mitihani ya UE imeisha juzi tu, na desa zimerudi chini ya kitanda, mahali pake pa kudumu. Leo siandiki habari za bweni, za kantini wala za nani kapata supu. Leo ni historia, lakini historia yenye grisi mikononi. Wale mnaosema historia ni tarehe za kukariri, hebu vuteni kiti.

Swali lenyewe ni hili: gari la zamani likichoka, unalifunga spea gani? Ileile iliyotoka nayo kiwandani? Ya mtumba? Ya bei rahisi iliyoshuka bandarini wiki iliyopita? Au unaachana na mambo ya zamani, unaweka kifaa cha gari lingine chenye nguvu zaidi? Wengi wanadhani hilo ni swali la fundi. Mimi nadai ni swali la historia kwanza, la fundi baadaye.

Kwa nini naliuliza sasa? Mjomba wangu, ambaye anaishi upande wa Sindeni, huko katikati ya Handeni na Korogwe, ana Land Rover 109 ya mwaka 1979. Babu aliinunua kwenye mnada wa mali za shamba moja la mkonge. Hiyo gari ndiyo imebeba mahindi ya ukoo mzima kwenda kuuzwa, imebeba maharusi, imebeba maiti, na usiku imebeba akina mama wenye uchungu kwenda hospitali. Sasa injini inakunywa oili kuliko dizeli, na breki ukizikanyaga inabidi uanze kusali mapema. Mahindi ya msimu huu yameuzwa, fedha ipo kidogo, na inatosha kufanya jambo moja kubwa, si matatu.

Basi kikao cha familia kimegawanyika. Mjomba anataka atoe injini ya zamani aweke ya Kijapani, dizeli, kama zile za pikapu. Fundi wa Korogwe, mzee ambaye ameishika gari hiyo tangu enzi za babu, anasema ishushwe injini ileile ifunguliwe, ifungwe pistoni na ringi mpya. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, yeye anasema liuzwe kama chuma chakavu zinunuliwe bodaboda mbili. Wakanipigia simu: "Wewe si unasoma ualimu wa historia huko Dar? Hebu tuambie, msomi, historia inasemaje?" Walicheka sana. Mimi sikucheka. Nikaingia maktaba, na haya ndiyo majibu yangu. Mjomba atasomewa na binamu kwenye simu.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa Mjerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari lililotengenezwa Gaggenau, Ujerumani. Alitaka kulivusha Afrika kutoka bahari hii ya mashariki hadi ile ya magharibi. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Piga hesabu: siku 630. Sasa usidhani gari lilikuwa linatembea siku zote hizo. Muda mwingi lilikuwa limelala, mara halina mafuta, mara linangoja vipuri vitoke Ujerumani kwa meli halafu visafirishwe tena hadi bara lilipokwama. Kwa hiyo safari ya kwanza ndefu ya gari iliyoanzia kwenye ardhi yetu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, safari ya kusubiri spea. Gari lilikuwepo, dereva alikuwepo, nia ilikuwepo. Njia ya spea ndiyo haikuwepo.

Linganisha na Korogwe yetu ya miaka hiyohiyo. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Korogwe mwaka 1902. Mkonge nao, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa unaenea kando ya reli hiyo. Mashine ya kusaga majani ya mkonge, ile tunayoiita korona, ikiharibika kulikuwa na njia: meli hadi Tanga, treni hadi stesheni, na shambani kuna karakana. Kumbuka neno hilo karakana, nitalirudia.

Somo la pili ni la Kongwa. Tuliosoma historia kidato cha tatu tunaukumbuka mradi wa karanga, ule wa Waingereza ulioanza 1947 kule Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kula baada ya vita, ikamwaga takriban pauni milioni 36, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Darasani tulifundishwa sababu: mvua haba, udongo mgumu, mipango ya mezani. Zote kweli. Lakini kuna sababu moja ambayo waalimu wanaipita haraka, nayo ni spea. Kiwandani Ulaya matrekta mapya yalikuwa hayapatikani, vita ilikuwa imeisha juzi. Kwa hiyo walikusanya mitambo iliyochakaa, mingine ikatoka kwenye mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Sasa mitambo ya aina mbalimbali, ya umri mbalimbali, imefika porini Kongwa, na kila mmoja unataka nati yake. Haikuchukua muda sehemu kubwa ikawa imelala. Yaani walifanya kile mjomba anachotaka kufanya, ila kwa mamilioni ya pauni: kuchukua mtambo wenye nguvu kwa sababu upo sokoni, bila kuuliza ukiharibika utalishwa nini.

Mjomba, usinune. Bado sijafika kwako.

Mwaka 1948, wakati Kongwa wanahangaika, kampuni ya Rover ilionyesha gari jipya kwenye maonyesho ya Amsterdam mwezi Aprili. Ndiyo Land Rover ya kwanza. Hapa kuna jambo tamu sana. Umewahi kujiuliza kwa nini bodi ya Landrova haishiki kutu kama bodi za magari mengine? Ni alumini. Waingereza baada ya vita walikuwa wanagawiwa chuma kwa mgao, alumini ndiyo ilikuwa inapatikana kwa wingi. Kwa hiyo hata bodi ile tunayoisifia ni mtoto wa uhaba. Walichagua kilichopo, na kilichopo kikawa bora. Binamu, wewe unayetaka kuiuza kama chuma chakavu, anza kwa kujua kwamba sehemu kubwa ya bodi hiyo hata si chuma.

Muundo ukakua. Ikaja yenye urefu wa inchi 109 kati ya tairi la mbele na la nyuma, sawa na kama sentimita 277, ndiyo hiyo tunayoiita mia na tisa. Toleo la tatu, ambalo ndilo la mjomba, lilitoka 1971. Injini yake ya dizeli ya lita 2.25 ina nguvu za farasi 62 tu. Leo pikapu ndogo inaizidi mbali. Lakini gari hilo ndilo lililokuwa la bwana shamba, la mkuu wa wilaya, la misheni, la hospitali na la meneja wa mkonge. Vijijini Handeni, ukisikia mlio wake enzi hizo ulijua ama serikali imekuja, ama mgonjwa anaondoka.

Na spea zilitoka wapi? Wakala mkubwa wa Land Rover Afrika Mashariki alikuwa Cooper Motor Corporation, maarufu CMC, na nchi zetu tatu zilikuwa kama soko moja. Nairobi ilikuwa karibu na Korogwe kuliko inavyoonekana kwenye ramani ya shule: unapanda barabara ya Mombo, Same, Moshi, unafika Namanga. Spea ikikosekana Tanga au Dar, unavuka mpaka. Huo ndio wakati wa spea orijino. Hukuhitaji kuchagua sana, kwa sababu yule anayeuza gari ndiye anayeuza spea, na fundi amefundishwa kwa kitabu chake.

Halafu mambo yakageuka, na yaligeuka kwa kasi. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ikapanda karibu mara nne. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwishoni mwa 1978 tukaingia vita ya Kagera. Mkonge nao, ambao mwaka 1964 ulikuwa umefikia zaidi ya tani 200,000 na kuliingizia taifa fedha za kigeni kuliko zao lolote, ulikuwa unaporomoka kwa sababu dunia ilianza kutumia kamba za plastiki. Unaona mnyororo huo? Kamba ya plastiki inatengenezwa ng'ambo, mkonge wa Korogwe unakosa bei, Benki Kuu inakosa dola, na mwisho wa mnyororo kuna dereva wa Handeni anayetafuta raba ya breki yenye thamani ya soda mbili na haipo nchi nzima.

Magari mapya yalikuwa yanaagizwa kupitia shirika la umma, State Motor Corporation, na kwa kibali. Mafuta ya kubahatisha. Kulikuwa na marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wazee wa Korogwe wakikusimulia miaka hiyo, utadhani wanasimulia njaa. Gari moja linachinjwa ili mawili yatembee. Unaona Landrova imewekwa juu ya mawe nyuma ya ofisi, haina tairi, haina difu, haina stata. Haikufa kwa ajali hiyo, iliwagawia wenzake viungo.

Hapa ndipo karakana za mkonge zinaporudi kwenye hadithi. Mashamba yale yalikuwa na mashine za kukereza vyuma, kwa sababu korona na vitoroli vya reli vilihitaji matengenezo kila siku. Spea zilipokatika, mafundi wa karakana wakaanza kuchonga. Bushi ya springi ikachongwa kwa shaba. Pini ikachongwa kwa chuma cha reli. Gasketi ikakatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nene. Fundi wetu wa Korogwe alianzia huko, akiwa kijana wa kupokea spana. Anasema sheria ya karakana ilikuwa moja: usitupe kilichovunjika, kwa sababu kilichovunjika ndicho kipimo cha kuchongea kipya. Mpaka leo ukimtuma kijana Dar kutafuta spea bila sampo mkononi, mzee anamrudisha kutoka stendi.

Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kupambana na wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Walanguzi walikamatwa, bidhaa zilizofichwa zikatolewa, nyingine zikatupwa porini usiku na wenyewe kwa hofu. Novemba mwaka huohuo mpaka na Kenya ukafunguliwa. Halafu bajeti ya 1984 ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Pikapu zikaanza kuonekana. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na 1986 tukasaini na IMF. Mlango uliofungwa ukafunguka, tena ulifunguka wote kwa pamoja.

Sasa angalia kitu. Mlango ulipofunguka, hawakuingia Waingereza. Walioingia ni Wajapani. Kwa nini? Sababu moja ni rahisi mno: Japan wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Gari lililochakaa Tokyo au Nagoya linaweza kushuka Dar na kutembea jioni hiyohiyo. Yakaja magari ya mtumba, na nyuma ya magari zikaja injini za mtumba, giaboksi za mtumba, hata magari yaliyokatwa nusu ili yauzwe kama spea. Dubai nayo ikawa duka la jumla la wafanyabiashara wetu. Kufikia miaka ya 2000, mtaa wa Kariakoo na Gerezani, jirani tu na chuo changu hapa Chang'ombe, ungeweza kupata stata ya Toyota kwa dakika kumi, lakini ya Landrova ya zamani uzunguke siku nzima.

Ndiyo maana mafundi wengi wakaanza kupachika injini za Kijapani ndani ya Landrova. Watu wanaita ujanja, mimi naita ushahidi wa kihistoria. Hata Cuba ni hivyohivyo. Marekani ilipoweka vikwazo kamili mwaka 1962, Wacuba walibaki na Chevrolet na Ford za miaka ya 1950, wakazifunga injini za dizeli na vifaa vya Lada kutoka Urusi. Watalii wanapiga picha rangi ya nje. Fundi akifungua boneti anaona Vita Baridi.

Nilipokwenda nyumbani baada ya fildi niliifungua boneti ya mjomba nikiwa na daftari. Jamani, ni jalada la kumbukumbu za taifa! Bloku ya injini ni ya kiwandani Uingereza, 1979. Bushi mbili za shaba ni za karakana ya mkonge, miaka ya uhaba. Altaneta ni ya Nissan, imeshikiliwa na bati lililokatwa na kuchomelewa kienyeji; hiyo ni miaka ya tisini. Rejeta imeletwa kutoka Arusha, mji ambao Landrova bado ni mfalme. Oktoba 2024 walifanya tamasha kubwa la Land Rover huko, magari yakakusanyika kwa mamia. Chujio la dizeli limetengenezwa China, bado jipya. Hakuna spea hata moja pale iliyochaguliwa kwa sababu ilikuwa bora duniani. Kila moja ilichaguliwa kwa sababu njia yake ilikuwa wazi mwaka ule.

Na hiyo ndiyo hoja yangu kuu, niliyotaka mfike nayo mpaka hapa. Watu wanabishana orijino au feki, ya zamani au ya kisasa. Hayo ni muhimu, ila swali la kwanza ni: njia ya kifaa hiki kunifikia mimi iko wazi? Na itabaki wazi? Njia maana yake si duka tu. Ni bandari, mpaka, fedha, barabara, na mtu anayejua kukifunga.

Tukirudi kwenye kikao cha familia, tupime kila upande kwa kipimo hicho.

Injini ya Kijapani. Njia ya spea iko wazi kabisa, hata Handeni mjini utapata. Nguvu ipo. Lakini giaboksi ya Landrova haikuzaliwa kushikana na injini hiyo, kwa hiyo lazima kichongwe kipande cha kuziunganisha, na kikichongwa vibaya milimita moja tu, klachi na beringi zinalia kila mwezi. Nguvu ikiongezeka, eksili za nyuma na giaboksi ya zamani zinaanza kukatika. Halafu breki: gari hilo lina breki za dramu magurudumu yote manne, zilizopangiwa farasi 62. Ukilipa mbio bila kulipa breki, umetengeneza jeneza lenye usukani. Pia kadi ya gari imeandikwa namba ya injini, kwa hiyo kuna mambo ya kurekebisha TRA, siyo kufunga tu na kuondoka.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi kikaoni hawaijui. Injini ya Land Rover ya lita 2.5 iitwayo 200Tdi, iliyofungwa kwenye Defender kuanzia 1990, ina nguvu zaidi ya farasi 100, na ni mjukuu wa injini hiihii ya mjomba. Inashikana na giaboksi ya zamani kwa marekebisho madogo. Ndugu ni ndugu. Uzalishaji wa Defender ya zamani ulikoma Januari 2016, lakini viwanda vingine bado vinatengeneza spea zake. Tatizo ni umbali: utazifuata Arusha au Dar, na bei yake haina huruma ya kijijini. Na suala la breki liko palepale.

Injini ileile kufunguliwa. Nguvu haitaongezeka, mlima utapandwa kwa gia ya pili kama kawaida. Lakini bloku inaweza kukerezwa na kufungwa pistoni kubwa kidogo, na kila kitu kitakaa mahali pake bila kuchomelea. Sasa tatizo la njia hii, na hili ndilo linaloniumiza, si spea. Ni fundi. Landrova hiyo ina nati nyingi za vipimo vya inchi. Vijana wa gereji wana spana za milimita tu, za magari ya Kijapani; wakilazimisha wanakula kona za nati. Spana za inchi ziko kwenye sanduku moja la mbao la mzee wa Korogwe, na mikono inayozijua iko kwenye mwili mmoja ambao una zaidi ya miaka sabini. Siku sanduku lile likifungwa, njia hiyo imefungwa, hata kama spea zitajaa madukani. Mpaka wa 1977 ulifunguliwa baada ya miaka sita. Huu ukifungwa haufunguki.

Na bodaboda mbili za binamu? Simdharau. Barabara ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, siku hizi ni lami, si vumbi lile tulilosimuliwa, na abiria wa pikipiki wapo. Hesabu yake ya fedha ni ya kweli. Ila bodaboda haibebi magunia ishirini, na mama mwenye uchungu kutoka ndani kule, mvua ikiwa imenyesha, hapandishwi bodaboda kwa raha. Kinachouzwa hapo si gari tu.

Kwa hiyo jibu langu kwa kikao ni hili, nalitoa kwa heshima zote kwa wakubwa zangu.

Kwanza, fedha ya mahindi ianze na kinachosimamisha kabla ya kinachokimbiza: breki zote, mabomba yake, boli jointi za stering na tairi. Hapa usichukue bei rahisi. Raba ya breki feki inafanana na ya kweli kwenye karatasi yake, tofauti utaijua mteremkoni. Mpelekeni mzee mwenyewe akachague kwa mkono wake, na sampo mfukoni.

Pili, rejeta isafishwe na mabomba ya maji yabadilishwe, kwa sababu injini nyingi za zamani haziuawi na uzee, zinauawa na joto.

Tatu, injini ileile ifunguliwe, ila kwa sharti moja. Binamu asimame pale siku zote za kazi hiyo, akipokea spana kama mzee alivyopokea karakana ya mkonge. Aandike kila nati na kipimo chake kwenye daftari. Mimi nitalipa daftari na picha za simu, bumu likiingia. Baada ya hapo, mjomba ukitaka kuweka ile ya 200Tdi miaka ijayo, utakuwa na gari lenye breki na kijana mwenye ujuzi. Ukianza na nguvu utakuwa na nguvu tu.

Jana usiku mjomba kapiga. Kasema, "Mwanangu, maneno yako ni marefu kama treni ya Tanga. Lakini breki nimekuelewa." Akanyamaza, halafu akauliza, "Sasa huyu binamu yako ataamkaje saa kumi na mbili kwenda Korogwe?" Nikamwambia hilo mimi halipo kwenye silabasi yangu. Kumbe binamu alikuwa kasimama palepale anasikiliza. Akadakia kwamba ataenda, ila mzee asimwite "dogo" mbele ya watu.

Mzee mwenyewe alipofikishiwa habari hakusema mengi. Aliuliza kijana ana mwandiko unaosomeka. Akaambiwa ndiyo. Akasema basi waje Jumatatu baada ya mwezi kuandama, na injini waioshe kabla ya kuileta, yeye hafungui tope.

Nami mwaka huu nikienda tena mazoezi ya kufundisha, nimeshapata zana ya kufundishia mada ya uchumi wa kikoloni na baada ya uhuru. Sitachora ramani ubaoni kwanza. Nitawaambia wanafunzi waende gereji iliyo karibu, wachague gari moja la zamani, waulize kila spea imetoka nchi gani na mwaka gani ilifungwa, halafu tujadili kwa nini. Kama na wewe msomaji nyumbani kwenu kuna gari la hivyo, hebu fungua boneti leo jioni, na umuulize mzee aliyelinunua kabla hujamuuliza fundi.

Haya jamani, nakimbilia maktaba, kuna kazi ya kikundi na wenzangu wameshaanza kunitukana kwa ujumbe. Breki zikikamilika nitawaletea habari. Siku njema.